Umeme wa Roboti Upimwe Servo Zikiwa Zimekwama

Anayeunda roboti ya miguu sita kwa mara ya kwanza huelekeza jitihada zake zote kwenye miguu na programu, na umeme huachwa mwisho kama jambo la kutafutiwa betri tu. Siku ya majaribio roboti inasimama vizuri, inainua mguu mmoja, kisha mwili wote unatetemeka, taa ya bodi inazima na kuwaka, na kila kitu kinaanza upya. Mwenye roboti anarudi kwenye kompyuta kuisaka hitilafu katika mistari ya programu, na anaweza kuisaka kwa siku kadhaa bila kuiona, kwa sababu haiko huko. Iko kwenye nyaya na kwenye hesabu ambayo haikufanywa. Mfumo wa umeme wa roboti yenye servo nyingi unapaswa kupangwa kwa ajili ya ile nukta ambayo servo zimekwama au ndiyo kwanza zinaanza kusogea. Anayeupanga kwa kutazama roboti ikiwa imesimama mezani, au ikitembea kwa utulivu, amepima kitu kingine kabisa.

Tuchukue mfano unaofahamika: miguu sita, kila mguu servo tatu, jumla 18, zote za aina ya MG996R. Hii ni servo yenye giya za chuma na uzito wa gramu 55, na wauzaji wa vifaa vya elektroniki wengi wanayo. Vipimo vyake vinasema inafanya kazi kati ya volti 4.8 na 7.2. Ikipewa volti 6 hutumia miliampea 500 hadi 900 inapozunguka, na ampea 2.5 inapokwama, yaani pale ambapo mota imepewa umeme lakini mhimili wake hauwezi kusogea. Ukizidisha kwa 18 unapata ampea 16.2 kwa roboti inayosogeza viungo vyote kwa wakati mmoja, na ampea 45 kwa roboti iliyokwama viungo vyote. Ikiwa imesimama bila mzigo, roboti hiyohiyo haifiki hata ampea moja. Namba hizo tatu zinatoka kwenye kifaa kimoja, na wengi huijua ile ndogo peke yake, maana ndiyo inayoonekana kwenye multimita wakati mambo ni shwari.

Mtu anaweza kusema kwamba kukwama ni ajali, na si haki kumtwisha mjenzi gharama ya ajali. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mota zingekwama kwa ajali tu. Mota ya DC iliyosimama haina kinachozuia mkondo isipokuwa ukinzani wa waya wake wa shaba. Kwa MG996R, volti 6 zikigawanywa kwa ampea 2.5, ukinzani huo ni omu 2.4 hivi. Mota inapoanza kuzunguka huzalisha volti yake yenyewe inayopingana na ile inayoingia, na hapo ndipo mkondo unapungua. Maana yake ni kwamba kila servo, kila mara inapoanza mwendo, kwa milisekunde kadhaa huchota umeme kama iliyokwama. Roboti ya miguu sita inayotembea kwa kupokezana miguu mitatu mitatu huamrisha servo tisa zianze kwa mpigo: ampea 22.5, na hakuna kilichoharibika wala kugonga ukuta. Roboti ikianguka kifudifudi na miguu ikabanwa chini ya mwili wake, au programu ikiuamuru mguu upite mwisho wa nafasi yake, ile ampea 45 haiko mbali.

Pigo hilo huifikia akili ya roboti kwa njia rahisi kueleweka. Mkondo mkubwa ukipita kwenye betri dhaifu au waya mwembamba, volti huanguka. Raspberry Pi hutoa onyo volti yake inaposhuka chini ya 4.63. Arduino Uno ni mvumilivu zaidi, lakini nayo ina kipimo cha chini ambacho ikikifikia hujizima na kuanza upya, na fyuzi yake upande wa USB imewekwa kwa miliampea 500 tu, ambazo hazitoshi hata servo moja inayoanza mwendo. Bodi inapoanza upya, servo nyingi hulegea kwa kukosa amri. Ikiamka, huziamuru zote 18 zirudi mahali pa kuanzia kwa pamoja. Zote zinachota kwa pamoja. Volti inaanguka tena. Ndiyo sababu lile tetemeko huwa haliishi mpaka betri ichomolewe. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kwamba bodi ya udhibiti isile kwenye chungu kimoja na servo. Ipewe kishusha volti chake, kinachotoka moja kwa moja kwenye betri, au ikiwezekana betri yake ndogo.

Hapa linazuka kosa la upande wa pili, ambalo huwapata hata waangalifu. Wakishatenganisha vyanzo viwili, hutenganisha kila kitu, pamoja na waya hasi. Servo zinaanza kucheza ovyo. Amri inayokwenda kwenye servo ni volti, na volti ni tofauti kati ya sehemu mbili: waya wa amri, na waya hasi unaotumika kuupima. Bila hasi ya pamoja, servo haina cha kulinganishia. Kwa hiyo hasi za vyanzo vyote ziunganishwe, lakini ziunganishwe sehemu moja, karibu na betri au kwenye bamba la ugawaji. Mkondo unaorudi kutoka kwenye servo usipitishwe kwenye waya mwembamba wa hasi ya bodi. Ukipita hapo, hasi ya bodi nayo inapanda na kushuka kila mguu unaposogea, na amri zinaharibika ingawa betri ni nzima. Waya chanya unaangaliwa na kila mtu. Waya hasi hubeba mkondo uleule bila kupungua hata kidogo, na hauangaliwi na mtu.

Kuhusu unene wa nyaya, hesabu ni fupi na haibishaniwi. Zile nyaya nyembamba za rangirangi zinazouzwa kwa ajili ya bredibodi mara nyingi ni za geji 28, zenye ukinzani wa kama omu 0.21 kwa kila mita. Sentimita 20 kwenda na 20 kurudi ni omu 0.085 hivi. Mguu mmoja wenye servo tatu zilizokwama ukivuta ampea 7.5, waya huo utapoteza volti 0.6 na kugeuza karibu wati 5 kuwa joto ndani ya plastiki yake. Na hapo hatujahesabu vishikizo vya bredibodi, ambavyo havikutengenezwa kubeba zaidi ya ampea moja hivi. Linganisha na waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ambao mafundi umeme wa Tanzania na Kenya huutumia kwenye soketi za nyumba: ukinzani wake ni omu 0.0074 kwa mita. Kwa urefu uleule na ampea 15, unapoteza volti 0.04 tu. Waya wa nyumba wenye uti mmoja mgumu unafaa mahali palipotulia kwenye kiunzi, lakini usiupitishe kwenye kiungo kinachojikunja, kwani utakatika. Huko tumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba, wa ganda laini la silikoni kama upo. Ukinunua, kwangua ncha uangalie rangi: nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu ziko sokoni, na alumini ina ukinzani wa kama mara 1.6 ya shaba.

Bodi ya PCA9685, inayopendwa kwa sababu inaendesha servo 16 kwa nyaya mbili tu za mawasiliano, ina mtego wake. Inakuja na safu ya pini ambapo servo huchomekwa moja kwa moja, nyaya zote tatu, na sehemu ya kufungia umeme wa kuingia. Mpangilio huo unavutia, na kwa servo ndogo za gramu 9 hauna shida. Kwa MG996R kumi na sita, ampea 40 zinaweza kutakiwa kupita kwenye njia nyembamba za shaba za bodi hiyo na kwenye skurubu mbili ndogo. Haikujengwa kwa kazi hiyo. Chukua waya wa amri peke yake kutoka kwenye bodi. Waya mwekundu na waya mweusi au wa kahawia wa kila servo uende kwenye bamba la ugawaji lenye shaba nene, lililolehemiwa vizuri. Ni kazi ya jioni nzima, na inapunguza unadhifu wa umbo. Ni bora hivyo.

Wapo watakaouliza kwa nini wasiweke kapasita kubwa, jambo liishe. Ushauri wa kapasita umeenea mno na ndani yake mna ukweli, ila mipaka yake husahaulika. Kapasita ya maikrofaradi 1000, ikitakiwa kufidia upungufu wa ampea 20, inaanguka kwa volti moja nzima katika maikrosekunde 50. Ukitaka ifidie ampea hizo kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, huku volti ikishuka kwa 0.5 tu, utahitaji faradi 4, yaani kapasita 4,000 za namna hiyo. Kapasita inalainisha michomo ya haraka sana inayotokana na brashi za mota na urefu wa nyaya, na kwa kazi hiyo iweke, karibu na servo za kila mguu, yenye kipimo cha volti 16 au zaidi, na miguu yake usiikosee chanya na hasi. Lakini haiwezi kuziba pengo la betri ndogo wala waya mwembamba. Anayeona roboti imetulia baada ya kuongeza kapasita alikuwa ukingoni tu, na siku betri ikipungua chaji atarudi palepale.

Sasa tufike kwenye chanzo chenyewe. Kipingamizi kikubwa ni bei: nani atanunua chanzo cha ampea 45 kwa ajili ya roboti ya kujifunzia? Jibu ni kwamba huhitaji kishusha volti kimoja cha ampea 45. Unahitaji betri inayoweza kutoa mkondo huo kwa muda mfupi, kisha uugawe. Betri ya LiPo ya seli mbili, yenye miliampea-saa 2200 na alama ya 25C, inatoa ampea 2.2 mara 25, yaani 55, kama muuzaji amesema kweli. Na kwa sababu wengi hawasemi kweli, chukua yenye akiba. Ila seli mbili za LiPo zikijaa zina volti 8.4, na MG996R mwisho wake ni 7.2. Hapo ndipo vishusha volti vinapoingia, na hapo ndipo pesa hupotea bure. Moduli za LM2596 ni chipu ya ampea 3. Za XL4015 ni ampea 5. Na bila kupozwa vizuri hazidumu kwenye namba hizo. Mguu mmoja uliokwama ni 7.5. Hakuna hata moja kati ya hizo inayouweza mguu mmoja, seuze sita. Tafuta zenye kipimo cha juu zaidi, mfano za ampea 20 zinazouzwa kwa ndege na magari ya kuchezea, na ugawe roboti katika matawi matatu ya miguu miwili miwili, kila tawi na kishusha chake. Hasi za matawi zikutane. Chanya zisikutane kamwe. Kuunganisha chanya za vishusha viwili kwa matumaini kwamba vitagawana mzigo nusu kwa nusu ni kujidanganya: kile chenye volti iliyozidi kidogo hubeba karibu mzigo wote mpaka kizidiwe, kisha mwenzake hufuata.

Kuna njia nyingine ambayo naiona bora kwa wanaoanza, nayo haisemwi vya kutosha. Seli za lithiamu zenye fosfati ya chuma, zile zinazoitwa LiFePO4 na ambazo sasa zimejaa kwenye mifumo ya sola, zina volti 3.2 kila moja, na zikijaa hufika 3.6 hivi. Seli mbili mfululizo ni volti 6.4, na kilele chake ni 7.2, ambacho hushuka mara tu zinapoanza kufanya kazi. Zinaingia ndani ya kipimo cha MG996R bila kishusha volti chochote upande wa servo. Ni nzito kuliko LiPo, na mkondo wa seli moja unaweza usitoshe, hivyo soma alama zake na uongeze seli sambamba zinazofanana kwa aina na umri, ukiwa umezilinganisha volti kabla ya kuzifunga. Lakini zinavumilia makosa kuliko LiPo: haziwaki moto kwa urahisi uleule zikitobolewa au zikizidishiwa chaji. Kwa darasa lenye vijana ishirini hiyo ni sababu tosha ya kubeba uzito wa ziada.

Seli za 18650 zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato kuukuu nisingezipendekeza. Zilitengenezwa kutoa mkondo wa wastani kwa saa nyingi, na uchakavu umeongeza ukinzani wao wa ndani. Zile zinazouzwa mitaani zikiwa na maandishi ya miliampea-saa 9900 zinadanganya waziwazi, kwani seli ya ukubwa huo haifiki hata nusu ya namba hiyo. Benki ya umeme ya simu nayo ina ulinzi unaoizima pindi mkondo unapopanda. Inafaa bodi ya udhibiti, haifai servo.

Kwa majaribio ya mezani, chanzo bora kwa bei ndogo ni pawa saplai ya kompyuta ya mezani iliyotumika, ambayo maduka ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue huwa nayo. Soma lebo yake: upande wa volti 5 mara nyingi una ampea 15 hadi 25. Huwashwa kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwenye plagi kubwa, na ikizidiwa hujizima yenyewe, jambo ambalo betri haifanyi. Haitoshi servo 18 zilizokwama, ila inatosha miguu miwili kwa wakati, na hivyo ndivyo inavyofaa kujaribu. Boksi lake lisifunguliwe. Kapasita zake za ndani hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani, na volti hizo zinaua.

Kuhusu fyuzi, nataka msomaji anielewe vizuri, maana husikika watu wakisema hawaihitaji kwa kuwa servo zao ni za bei nafuu. Fyuzi hailindi servo. Servo iliyokwama kwa volti 6 inageuza wati 15 kuwa joto ndani ya kiboksi cha plastiki, kiasi kile cha pasi ndogo ya kulehemia, na itaungua huku fyuzi ikiwa nzima. Kinacholindwa na fyuzi ni waya, betri, na nyumba uliyomo. LiPo yenye uwezo wa kutoa ampea 55 kwa kazi halali inaweza kutoa mamia ya ampea kwenye shoti, na waya mwekundu uliokwanguliwa ganda na kona ya kiunzi cha alumini ni shoti inayosubiri. Fyuzi za bapa za magari zinapatikana kila mji na zinatosha. Jua tu kwamba si za haraka: ikibeba asilimia 135 ya kipimo chake inaweza kudumu hadi dakika kumi kabla ya kukatika, na kwa mara mbili ya kipimo inaweza kuchukua sekunde kadhaa. Kwa hiyo tawi la ampea 15 liwe na fyuzi ya 15, na waya wake uwe unaobeba zaidi ya hapo bila kupata moto. Fyuzi kuu ikae sentimita chache kutoka kwenye ncha chanya ya betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kuilinda servo yenyewe ni kazi ya programu: usiiamuru ipite mwisho wake, na ikishindwa kufika ilipotumwa, iachie.

Programu inasaidia pia kupunguza pigo. Servo tisa zikianza kwa kupishana milisekunde 20 au 30, mchomo mmoja mkubwa unagawanyika kuwa midogo kadhaa, na macho hayatambui kuchelewa huko. Mwendo ukipanda polepole badala ya kurukia pembe mpya, mkondo unapungua tena. Haya yote yafanywe, ila yasihesabiwe kama sehemu ya uwezo wa umeme. Programu huwa na makosa, nayo makosa hutokea wakati uleule ambapo miguu imebanwa.

Hesabu ikithibitishwa kwa kipimo hubaki hesabu ya kuaminika. Chukua servo moja, iwashe, ishike isisogee kwa sekunde mbili tu, na usome mkondo kwa multimita ukitumia tundu la ampea 10. Servo za kuigiza hazifuati vipimo vya asili, hivyo namba yako ndiyo utakayozidisha kwa 18. Multimita hiyohiyo haitakuonyesha volti zinavyoanguka roboti ikitembea, kwa sababu inabadilisha usomaji mara mbili tatu kwa sekunde na mchomo hupita katikati. Mwenye osiloskopu aitumie. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia Arduino yenyewe, ikiwa inalishwa na chanzo chake: rezista mbili za kilo-omu 10 zigawe volti za servo nusu kwa nusu, pini ya analogi isome maelfu ya mara kwa sekunde, na programu ihifadhi namba ndogo kuliko zote iliyowahi kuonekana. Nusu saa ya kutembea na kuanguka itakupa namba inayosema ukweli kuhusu nyaya zako. Ikiwa umeweka volti 6 na namba hiyo iko chini ya 5, rudi kwenye waya na viungio kabla ya kugusa mstari wowote wa programu.

Kwa walimu na walezi wa vikundi vya roboti nina ombi. Msikubali betri ya lithiamu iunganishwe kwenye roboti ya mwanafunzi kabla hamjaiona fyuzi, na kabla hamjaona plagi au swichi ambayo mtu mwingine yeyote chumbani anaweza kuivuta kwa mkono mmoja bila kuuliza. Wekeni ndoo ya mchanga mkavu karibu na meza ya kuchajia. Betri isichajiwe usiku watu wamelala, wala mchana chumba kikiwa kitupu. LiPo isishushwe chini ya volti 3 kwa seli, na ikiwekwa kabatini kusubiri muhula ujao ibaki na volti 3.8 kwa seli. Iliyovimba isirudishwe kazini hata kama bado inaendesha servo.